Risiti Nne za Eda

Bi Tabia wa Kiponda alisomesha hesabu miaka thalathini na moja, na muda wote huo hakupata kumwongezea mtoto alama ya bure. Mtoto wa dada yake mwenyewe alimpa thalathini na tisa kwa mia, dada akanuna mpaka Idi mbili zikapita. Ndivyo alivyo. Ukimwambia "nakuja kama saa nne hivi", atakuuliza nne na dakika ngapi. Watu wa namna hii wana faida yao, sikatai, lakini kukaa nao nyumba moja kunataka moyo.

Sasa huyo huyo Bi Tabia, katika kitabu chake cha risiti, kwa mkono wake na kwa mwandiko wake ule mzuri wa ubaoni, aliandika uongo mara nne.

Nyumba ni ya urithi kwa baba yake. Chini anakaa mwenyewe, juu alikuwa akikodisha. Wapangaji wake wa mwisho walikuwa Miraji, fundi wa mafriji, na mkewe Mize, mtu wa Bwejuu. Walikaa miaka sita bila ya ugomvi, isipokuwa ule wa ndoo za maji kwenye ngazi. Mtoto hawakujaaliwa, Miraji alikuwa na binti mmoja kwa mke wake wa mwanzo, akilelewa na bibi yake, mama yake Miraji, huko Amani. Kila tarehe tatu ya mwezi Miraji alishuka na kodi mkononi, Bi Tabia akaandika risiti, karatasi ya juu akaichana akampa, na nakala ya chini ikabaki kitabuni. Ushuru wa serikali juu ya kodi hiyo Bi Tabia aliulipa kwa wakati wake bila ya kukumbushwa, na akilipa alikuwa akitembea barabarani kama mtu aliyetoka kusali Idi.

Agosti ya mwaka jana, tarehe kumi na nne, Miraji alianguka kazini na kabla ya adhuhuri keshakufa. Moyo, walisema hospitali. Mize akakaa eda pale pale juu, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo ada: hatoki, hajipambi, wanaume wa kando hawamwoni.

Tarehe tatu Septemba Bi Tabia alipanda ngazi. Msimdhanie ubaya, hakupanda kudai. Alipanda kumwambia Mize kwamba muda wote wa eda kodi haimo, asijisumbue nayo. Katika nyumba ile kizuka, mjane aliye edani, hakudaiwa tangu enzi za bibi yake, na Bi Tabia si mtu wa kuvunja kanuni. Maneno alikwishayapanga. Lakini alipofika juu alikuta ugeni: mama mkwe wa Mize na mawifi wawili wamekaa mkekani, na nje ya mlango, kwenye kiti, kakaa shemeji mtu, Wakil, ndugu yake Miraji, aliyeshika mambo ya mirathi.

Kabla Bi Tabia hajafungua mdomo, Mize akasema, tena kwa sauti ya kumfikia aliye nje, "Bi Tabia, umeniletea risiti yangu?"

Bi Tabia akamtazama. Mize alikuwa hana pesa, na Bi Tabia alilijua hilo bila ya kuambiwa, maana harufu ya chungu cha juu hushuka chini, na kwa wiki mbili haikushuka harufu ila ya mchicha. Alijua pia yale ambayo mawifi walikuwa wakiyanong'ona ngazini, kwamba mwanamke huyu kamkamua kaka yao na hana alichoweka. Na yale macho ya Mize hayakuwa yakiuliza. Yalikuwa yakiomba.

"Nimeisahau chini," alisema Bi Tabia. "Ngoja nikuletee."

Huo ulikuwa uongo wa mdomo, haukuandikwa, basi hatuuhesabu. Akashuka, akakaa mezani, akaivua kofia kalamu yake. Nimepokea kutoka kwa Bi Mize kodi ya mwezi wa Septemba. Akatia saini. Mkono haukumtetemeka, na jambo hilo baadaye lilimsumbua kuliko saini yenyewe. Akapanda tena, Mize akaipokea karatasi kwa mikono miwili, na mama mkwe akasema, "Alhamdulillah, mwanangu kamwacha mkewe na chochote."

Basi. Na uongo hauzai mmoja. Angeandikaje ya Septemba akaacha ya Oktoba, na mawifi wapo kila Ijumaa? Akaandika ya Oktoba, ya Novemba na ya Disemba. Baina yake na Mize halikupita neno. Karatasi ilipanda, shukurani ikashuka kwa macho, na kila mmoja akajua kwamba mwenziwe anajua. Kwa watu wa mjini hiyo huitwa kumsitiri mtu, na ni jambo zuri sana mpaka siku ya kulitolea maelezo.

Eda ilipokwisha Mize alioga, akavua nguo nyeupe, akafunga vitu vyake akarejea kwao Bwejuu. Bi Tabia akapanda na fundi kuitazama dari. Fundi akaigonga boriti moja kwa kiwiko tu, ukashuka unga wa mchwa. "Bibi, hapa usimweke mtu," alisema. Naye Bi Tabia wapangaji walikwisha kumchosha, akatia kufuli, akautundika ufunguo msumarini, akadhani mambo yamekwisha. Alidhani nyumba ikifungwa na faili la ushuru hujifunga lenyewe. Mwalimu mzima!

Aprili ukamwingia ujumbe kwenye simu kutoka ofisi ya mapato: hajaleta maelezo ya miezi kadhaa, na faini inapanda. Wakati wenyewe, Mtume, ulikuwa mbaya. Jina lake lilikuwa limeshatoka kwenye kikundi cha hija, baada ya kujiwekea pesa miaka kumi na miwili, na ndege ilikuwa katikati ya Mei. Na anayekwenda hija hutoka na mikono mitupu ya deni, la mtu na la serikali, na huwazungukia watu kuwaomba radhi. Bi Tabia alikwishaandika orodha ya watu wa kuwaomba radhi, ameipa namba. Wa kwanza alikuwa dada yake, kwa zile alama thalathini na tisa, ingawa moyoni hakuona kwamba alikosea.

Akaenda ofisini asubuhi, kavaa buibui lake la heshima. Aliyemhudumia alikuwa binti mmoja aitwaye Radhiya, mpole.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekuja kufunga faili la nyumba. Sikodishi tena."

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu tarehe kumi na nne Agosti," alisema Bi Tabia, maana tangu siku aliyokufa Miraji hakupokea hata thumni.

Radhiya akaandika. Kisha akauliza kama pana kitabu cha risiti, kwani faili likifungwa nacho hurejeshwa. Mtu mwingine angesema kimepotea, kimeliwa na panya. Bi Tabia akakitoa mkobani, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, hakina ukurasa uliopungua, akakiweka mezani kwa fahari. Na ndani zikiwamo nakala nne.

Binti akafunua, akafunua, akasita.

"Bibi, umesema uliacha Agosti. Hizi za Septemba mpaka Disemba za nini?"

Bi Tabia akahisi joto la masikio, kitu ambacho hakukihisi tangu utoto wake. "Mpangaji alikuwemo. Lakini sikupokea kitu."

"Umeandika umepokea."

"Nimeandika."

"Na saini hii yako?"

"Yangu."

Radhiya akatazama kushoto na kulia, akapunguza sauti. Alikuwa mtoto aliyelelewa. "Bibi, hapa pana mambo mawili. Ama tunaandika kwamba uliacha kukodisha Disemba, unalipa ushuru wa miezi minne na hizo faini, wala si pesa nyingi, na unatia saini hapa chini. Ama unaandika barua kwamba risiti hizi si za kweli, na mpangaji athibitishe mbele ya sheha wake kwamba hakulipa. La tatu hamna."

Bi Tabia akavaa miwani akausoma mstari wa chini ya fomu. Nathibitisha kwamba fedha zilizotajwa hapo juu nilizipokea, na kwamba maelezo haya ni ya kweli. Akausoma mara tatu.

"Bibi, nikupigie hesabu ya ushuru?"

"Si ushuru, mwanangu. Ushuru ningelipa sasa hivi. Ni huu mstari."

Akaomba muda. Radhiya akampa siku kumi.

Pale ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na Bi Tabia aliliona wazi kama jumla ya moja na moja. Akitia saini, anakwenda kusimama Arafa na uongo wa tano, na huu si wa huruma, ni wa kujirahisishia. Akiandika ile barua, Mize aitwe mbele ya sheha wa kijijini kwake aseme kwamba alipokuwa kizuka hakuwa na kodi, na kwamba risiti alizowaonesha wakwe zake zilikuwa za kutengenezwa. Bwejuu neno haliingii ofisini kwa sheha likatoka peke yake. Na asipofanya lolote, faili libaki wazi, deni lizae, naye apande ndege na haki ya watu shingoni.

Akampelekea shauri hilo shoga yake Ummkulthum, wa kikundi kimoja cha hija, bila ya kumtaja mtu jina. Ummkulthum alikuwa akijaribu kufunga sanduku lililojaa khanga za kuwapa zawadi watu wa Makka, kama kwamba Makka hakuna nguo.

"Tia saini, shoga," alisema, huku amelikalia sanduku. "Kisha ukifika huko uombe toba. Si ndiko huko huko unakokwenda?"

"Yaani nibebe dhambi mpya mkononi, nikaitue kule?"

"Wenzako wanabeba magunia, wewe unalia na kikapu."

Bi Tabia akarudi kwake kakasirika, zaidi kwa sababu maneno yale yalikuwa na ladha. Usiku akayafikiria. Asubuhi akatazama orodha yake ya radhi, na namba kumi na saba palikuwa pameandikwa Mize. Kwa lile suala la ndoo za maji. Akavaa, akaenda kumgongea jirani yake Talib, mwenye kigari cha mizigo, akamwambia, "Leo una safari ya Bwejuu." Talib akasema hana. "Unayo," alisema Bi Tabia.

Mize walimkuta kwa mama yake, katika chumba cha mbele, mlango wazi, anashona. Cherehani ya kukanyaga, meza yake ya mbao imepigwa msasa upya, inakwenda mbio. Kando yake pana rundo la sketi za buluu za skuli. Alipomwona mgeni aliruka, akamsalimu, akatandika mkeka, akaleta madafu. Kanenepa kidogo, uso una nuru. Talib alibaki nje na gari yake.

Bi Tabia aliomba radhi ya ndoo. Mize akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha Bi Tabia akayasema ya ofisini, yote, ya mstari wa chini na ya sheha. Akamaliza kwa kusema, "Sikuja kukwambia wende kwa sheha. Nimekuja kwa kuwa sijui la kufanya."

Mize hakucheka tena. Akaweka mkono juu ya cherehani, akauacha pale.

"Bi Tabia, pana jambo hulijui," alisema. "Siku ile ya kwanza n'likuomba risiti kwa aibu tu, wallahi. Mama mkwe alikuwa keshauliza mara mbili. Sikuwa na nia nyengine. Lakini eda ilipokwisha, mirathi ilipotaka kugawiwa, Wakil akanambia, makaazi ya eda hutolewa kwanza katika mali ya marehemu. Lete risiti zako urejeshewe ulicholipa. Mbele ya watu wote. Akazitazama moja moja, akanirudishia, akanihesabia pesa."

"Ukapokea."

"N'kapokea. Ningesema nini? Na nlikuwa sina hata ya sabuni." Akaipiga ile cherehani kidogo kwa kiganja. "Yote iliingia humu. Haikubaki hata ya uzi."

Bi Tabia alikasirika. Wacha niseme ukweli, alikasirika hasa. Alimwona yule binti wa Miraji wa Amani, na bibi yake mtu mzima, kila mmoja amekatwa kijifungu kwa karatasi aliyoiandika yeye, kwa mwandiko ule ule aliosomeshea watoto kuwa wakweli. Akafungua mdomo amwambie Mize neno zito. Kisha akakumbuka nani alishuka ngazi siku ile akavua kofia ya kalamu. Mize alitaka karatasi ya kumsitiri siku moja. Aliyempa nyengine tatu, bila ya kuuliza zinakwenda wapi, ni nani? Hasira ikageuka haya, na haya kwa mtu wa miaka sitini na mbili ni chungu.

Akafanya anachokijua, akapiga hesabu. Mali ya marehemu imetoa kodi ya nyumba, na kwa haki, kwa kuwa mjane lazima akae mahali. Kwa hiyo mtoto na bibi yake hawakudhulumiwa. Kodi ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Imekwenda kwa asiyekuwa mwenye nyumba. Pesa ile ikifika inakotakiwa kufika, hapana aliyeibiwa, na risiti zote nne zitakuwa za kweli, zimechelewa tu.

"Mize," alisema, "mimi kodi ile nlikusamehe moyoni. Lakini sikukusamehe kwa mdomo, na wewe umeipokea kwa jina langu. Basi naitaka."

Mize akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ntaiuza cherehani nkuletee."

"Utaiuza kwa nani katika siku kumi? Cha haraka huuzwa nusu bei."

Nje Talib alikuwa akipiga soga na mtu, anacheka. Mize akainama, akainua mguu wa cherehani, akaitoa ile sketi iliyokuwa chini ya sindano, ya buluu, imeshonwa upande mmoja tu, na uzi akaukata kwa meno.

"Basi ichukue yenyewe," alisema. "Hii ya mtoto wa jirani yetu Bashira ntaimaliza kwa mkono."

"Naichukua kweli, Mize. Si kwamba naichukua hapa nakurejeshea mlangoni. Ile ni michezo ya watoto, na Mungu hachezewi."

"Najua. Ningetaka hivyo ningekwambia."

Walimwita Talib, wakaibeba watatu. Ilipokaa sawa garini Bi Tabia alitia mkono mkobani, kwa mazoea ya miaka, akauliza, "Nikuandikie risiti?"

"N'nazo, Bi Tabia," alisema Mize. "Nne."

Bi Tabia alisema tu kwaheri, akapanda mbele, na njia nzima hakumjibu Talib hata neno, na Talib ana maneno.

Siku ya pili alikuwa mbele ya Radhiya. "Andika Disemba. Nalipa ushuru na faini. Kodi ya miezi minne nshaipokea."

"Kwa benki au mkononi, Bibi?"

"Kwa cherehani."

Radhiya akatazama fomu juu mpaka chini. "Hapa hapana mahali pa cherehani."

"Basi andika thamani yake, na pembeni uandike cherehani. Mimi natia saini kilichoandikwa, sitii saini kinachodhaniwa."

Binti akamwita mkubwa wake, mkubwa akaja, akakuna kichwa, akasema andika. Bi Tabia akausoma tena mstari wa chini, nathibitisha kwamba nilizipokea, akatia saini. Barua ya kufungiwa faili aliipata baada ya siku tatu, ina muhuri wa mviringo. Aliiweka ndani ya pasipoti yake.

Ungesema kisa kimekwisha. Kumbe watu wameona. Gari ya Talib iliingia Kiponda mchana kweupe na cherehani juu, na Talib, si mbaya, lakini mdomo wake hauna kitasa. Mtu kauliza imetoka wapi, kajibu kwa Mize, Bwejuu. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa na kisa chake: Bi Tabia kamwendea mjane kijijini, kamdai kodi ya eda, kamchukulia cherehani anayolishia tumbo lake, na huku anakwenda kwa Mungu. Kodi ya eda! Hata makafiri hawadai.

Ummkulthum akaja mbio na khanga haijakaa sawa. "Tabia, si kweli. Niambie si kweli."

"Cherehani ni hiyo," alisema Bi Tabia.

"Umempokonya Mize?"

"Tulikuwa na hesabu yetu, tumeimaliza."

"Hesabu gani na mtu wa eda?"

Bi Tabia angeweza kujitetea kwa sentensi mbili. Sentensi zenyewe zilikuwa zimekaa ulimini, tamu. Lakini kila sentensi ya kumtoa yeye ilikuwa ya kumtia Mize, na yeye risiti zile aliziandika kwa ajili ya nini kama si hilo? Akamwuliza shoga yake kama sanduku limefunga. Ummkulthum akaondoka bila ya kunywa chai. Yule dada wa alama thalathini na tisa alipiga simu akasema, "Nilikusamehe mapema mno." Siku hizo Bi Tabia alilia, tena si mara moja, chumbani peke yake, akakasirika na machozi yenyewe.

Na cherehani ikakaa chini ya dirisha, ya kwake, kwa haki, hapana anayeidai. Siku mbili hakuigusa. Ya tatu akaitia mafuta, maana chombo hakiachwi kikakauka kwa sababu ya maneno ya watu. Ya nne akakumbuka kwamba ile ya kwake ya umeme inakata uzi, na nguo zake nyeupe za safari hazijashonwa. Akakaa. Weee! Ilikuwa nyepesi, mguu unaweka tu nayo inakwenda, mshono umenyooka kama mstari wa rula. Akashona kanzu mbili, mitandio mitatu, foronya asizokuwa na haja nazo. Alijikuta akiamka alfajiri akiifikiria. Alimwambia Talib aitafutie mfuniko mzuri wa mbao. Kwa ufupi, aliipenda, yeye ambaye katika nyumba ile hakupenda kitu tangu saa ya ukutani ya baba yake.

Alfajiri ya siku ya safari alisali, akavaa moja ya zile kanzu. Akaitazama cherehani muda mrefu. Alikuwa na nia ya kuirudisha? Mwanzo, hapana, alimwambia Mize kweli na alikusudia kweli. Lakini sasa ilikuwa yake, ushuru wake umelipwa, anaipenda, na mtu hawezi kutoa kisichokuwa chake. Sasa angeweza. Ilimuuma, nakwambieni, kama kung'oa jino zima.

Akamgongea Talib. "Una safari ya Bwejuu."

"Leo? Nlikuwa nikupeleke kiwanja cha ndege!"

"Ntakwenda na Ummkulthum, akinisemeza asinisemeze. Ipeleke. Mwambie ni zawadi yangu, isiyo na hesabu nyuma yake. Usiulize kitu, usiseme kitu zaidi ya hicho." Akafikiri. "Na mfuniko wake."

"Nichukue saini? Si unajua wewe na makaratasi yako."

"Hamna saini," alisema Bi Tabia. "Hii haiandikwi."

Saa tano kasorobo, wakiwa wamekaa kiwanjani, Ummkulthum kampa mgongo, simu ikalia. Talib.

"Nimefika. Nimeitua."

"Kasemaje?"

"Alipoiona alikaa chini. Kisha kaniuliza, iko wapi karatasi ya kutia saini? Nkamwambia Bi Tabia kasema hamna. Kauliza tena, hamna hata ndogo? Nkamwambia hamna."

"Ndipo?"

"Kaifuta vumbi kwa mtandio wake. Sketi moja ya zile za buluu alikuwa nayo mkononi, kashona kwa mkono kafika nusu. Kaiweka chini ya sindano, katia uzi." Talib akasita. "Unasikia? Hiyo inayolia ndiyo yenyewe. Nlidhani ni mambo ya wanawake, nimetoka nje."

Bi Tabia akaibana simu sikioni. Mbali, nyuma ya pumzi za Talib, cherehani ilikuwa ikienda mbio. Akaisikiliza mpaka walipoitwa majina, na Ummkulthum, aliyegeuka akamwona uso, akachukua mkoba wa mwenziwe akambebea.